Kiangazi cha Nani?

Vitabu vya bustani vya Ulaya hupenda kushauri kwamba mboga nyingi zisiwe mwanzo wa majira ya joto. Shauri hili ni jema huko lilikozaliwa. Katika Uingereza mwezi wa Juni huja baada ya baridi ndefu. Udongo umepata joto, na mchana wa London hupita saa 16. Mwenye bustani asiaye maharagwe wakati huo hutii majira ya nchi yake. Kosa huanza pale mfasiri anapoandika kwa wepesi, "panda mwanzo wa kiangazi," akadhani kazi yake imekwisha.

Kiangazi si neno lisilo na makazi. Pwani wengi huliita hivyo jua kali la Januari na Februari, kabla ya masika. Bara wengi huita hivyo miezi mikavu ianzayo Juni, ambayo katika nyanda za juu ni miezi ya baridi. Basi mtu wa Tanga na mtu wa Njombe wakipewa shauri hilo moja, wa kwanza atasia mchicha wakati jua linakausha udongo kabla mche haujashika mizizi; wa pili atasia bamia katika baridi isiyovumiliwa na bamia. Wote wawili watakuwa wametii, na wote wawili watakosa kitoweo.

Wapo wasemao kwamba huu ni ugomvi wa maneno tu, maana mwenye ndoo ya maji hahitaji kungoja majira. Hoja hii ina sehemu ya ukweli, lakini maji hayawezi kurefusha mchana. Kitunguu cha Ulaya ya kaskazini hakifanyi kichwa mpaka mchana ufike saa 14 au zaidi. Dar es Salaam mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Mbegu hiyo ikimwagiwa maji asubuhi na jioni itatoa majani, wala haitatoa kitunguu. Mwenye bustani atalaumu udongo, atalaumu mbolea, mwisho atalaumu mkono wake mwenyewe. Hatayalaumu maandishi, kwa kuwa amefundishwa kwamba maandishi hayakosei. Hilo ndilo dhara kubwa kuliko fedha ya mbegu iliyopotea: mtu mwenye ujuzi kufanywa aone haya kwa ujuzi wake.

Na ujuzi huo haukuwa haba. Watu wa pwani walihesabu mwaka wa jua wenye siku 365 tangu Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, wakaufuata katika kulima na katika kusafiri baharini. Lugha yao ikapambanua masika na vuli, kusi na kaskazi, kipupwe na demani. Anayeyajua majina haya hana haja ya kuazima majira. Kipupwe kikiingia baada ya masika, jua limepoa, unyevu ungali ardhini, na mvua kubwa haibomoi tena matuta wala kuozesha miche. Mbegu ya mchicha, iliyo ndogo mno, ikichanganywa na mchanga ikasiwa juu juu, huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Hayo ni mafunzo kamili, nayo husemeka kwa Kiswahili.

Isidhaniwe kwamba haya ni chuki ya vitu vya kigeni. Nyanya na mahindi yalitoka bara la Amerika, kabichi ilitoka Ulaya, na hakuna mwenye akili awezaye kuzing'oa bustanini kwa sababu hiyo. Mgeni hukaribishwa, ila hapewi kupanga saa za kupika katika nyumba ya mwenyeji.

Mfasiri wa kitabu cha kilimo ana madeni mawili, moja kwa lugha na moja kwa ardhi. Na ataje mwezi, ataje mahali, aeleze mvua na joto la mahali hapo, na aina ya mbegu ipatanayo na mchana wake. Asipofanya hivyo, deni lake hulipwa na mama aliyesia, akapalilia, akamwagilia, na jioni sufuria yake ikabaki tupu.