Katogota: kuomba bila kukoma, silaha isiyoelekezwa kwa jirani

Katika vijiji vya bonde la Ruzizi, kuanzia Kamanyola, Katogota na Luvungi hadi Sange na Kiliba, neno moja halikosi kusikika makanisani kila usalama unapozorota: tuombe. Kesha linatangazwa, mfungo wa siku tatu unatangazwa, wamama wa maombi wanakusanyika alfajiri kabla ya kwenda shamba. Waliovuka mto na kukimbilia Burundi wanafanya vile vile chini ya mahema. Na kila vita vinaporudi, swali lile lile linarudi navyo, ingawa wengi wanaogopa kulitamka mbele ya mchungaji: maombi yote haya yamesaidia nini?

Swali hilo si dhambi. Linaulizwa na watu walioumia, na linastahili jibu lenye heshima kuliko majibu mawili ya haraka yanayotolewa mara nyingi.

Katogota ni kijiji kilicho kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, wilayani Uvira, jimboni Kivu ya Kusini. Tarehe 14 Mei 2000 ilikuwa siku ya Jumapili. Siku hiyo, wakati wa vita vya pili vya Kongo, raia wa kijiji hiki waliuawa kwa wingi. Mauaji hayo yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile inayojulikana kama ripoti ya Mapping. Kila mwaka mwezi wa tano unapofika, familia zinawakumbuka wapendwa wao.

Miaka 14 baadaye, usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, karibu na Luberizi, watu zaidi ya 30 waliuawa. Wengi wao walikuwa katika ibada. Halafu Desemba 2025, mapigano kati ya jeshi la serikali FARDC na waasi wa AFC/M23 yakashuka bondeni kupitia barabara hii hii, na tarehe 10 mwezi huo waasi wakaingia mjini Uvira. Maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Wengine walikuwa wamevuka tayari mapema mwaka huo, wakapitia uwanja wa Rugombo kabla ya kupelekwa kambini.

Kwa hiyo anayeuliza maombi yamesaidia nini, anauliza akiwa amesimama karibu na makaburi.

Jibu la kwanza la haraka ni lile linalosema kwamba waliokufa hawakuomba vya kutosha, au kulikuwa na dhambi kijijini. Jibu hili ni la kikatili na si la kikristo. Wengi wa waliouawa Mutarule walikuwa wanaomba. Stefano katika Matendo ya Mitume aliomba hadi pumzi ya mwisho huku mawe yakimwangukia. Yesu mwenyewe aliomba usiku Gethsemane, na asubuhi yake akasulubiwa. Anayemwambia mjane kwamba mume wake alikufa kwa upungufu wa maombi anaongeza kidonda juu ya kidonda, na hana andiko la kumuunga mkono.

Jibu la pili ni la wale waliokata tamaa: maombi ni bure, ni kazi ya watu wasiokuwa na la kufanya. Hili linaeleweka zaidi, hasa likitoka kwa kijana aliyeona wazee wake wakikesha kanisani huku hakuna anayeuliza askari wamekwenda wapi. Lakini nalo linakosea, kwa sababu linadhani maombi ni ukuta wa kuzuia risasi. Hakuna mahali Biblia iliahidi hivyo. Kinacholindwa na maombi ni kingine, na mtu akikipoteza hata amani ikirudi haitamkuta mzima.

Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso akiwa mfungwa. Katika sura ya 6 anataja silaha za mkristo moja baada ya nyingine: mkanda, dirii, viatu, ngao, chapeo, upanga. Kisha anamalizia kwa maombi ya kila wakati. Wahubiri wengi wa bondeni wanaijua sura hiyo kwa moyo. Lakini mstari wa 12 unapitwa haraka, na ndio wenye uzito kuliko yote kwa watu wa hapa. Paulo anasema kwamba vita vya mkristo havipiganwi dhidi ya wanadamu wenye nyama na damu.

Maana yake ni wazi. Katika bonde ambamo Bafuliiru, Barundi, Bavira, Banyamulenge na wengine wengi wameishi, wameoana, wamegombania maji, malisho na usultani, na wamezikana pia, mkristo haruhusiwi kumweka jirani yake upande wa shetani kwa sababu ya kabila lake. Adui wa vita vya kiroho anaitwa chuki, hofu, uongo, kisasi, kukata tamaa. Hao ndio wanaovuka mto pamoja na mkimbizi bila kuonekana na mtu yeyote mpakani. Mtu anaweza kuponea risasi na bado akashindwa vita, ikiwa alichobaki nacho moyoni ni hamu ya kuona mtoto wa mwingine akilia kama wake alivyolia.

Hapo ndipo maombi ya bila kukoma yana kazi. Chuki haiji mara moja kwa mwaka, kwa hiyo haiwezi kushindwa kwa mkutano mmoja wa injili. Inarudi kila asubuhi, mtu anapokumbuka shamba lake la mpunga liko mikononi mwa nani. Inarudi kila sauti ya kutisha inapotumwa kwenye simu. Kinachorudi kila siku kinahitaji kupingwa kila siku. Ndiyo maana Paulo aliwaambia Wathesalonike waombe bila kukoma, na wao walikuwa watu wachache, wapya katika imani, wanaoteswa na majirani zao.

Kwa familia zilizohamishwa hili lina faraja yake. Danieli alikuwa uhamishoni Babeli, mbali na hekalu lililobomolewa, na aliomba mara tatu kwa siku nyumbani kwake, dirisha likielekea Yerusalemu. Hakuhitaji vyombo vya muziki wala maikrofoni. Mama aliye kwenye foleni ya maji huko Musenyi au Busuma, akisema maneno matatu kwa Mungu huku ameshika bidoni yake, anaomba. Baba anayejizuia asimpige mtoto kwa hasira ya njaa, akatoka nje ya hema na kuvuta pumzi mbele ya Mungu, anaomba. Maombi ya namna hiyo hayamchoshi mtu, wala hayamwombi sadaka.

Hilo la sadaka halina budi kusemwa. Vita vimezaa vyumba vya maombi vingi, na si vyote vinavyolisha kondoo. Kuna mahali ambapo mgonjwa anaambiwa aache dawa kwa sababu dawa ni ukosefu wa imani. Kuna mahali ambapo ndoto ya mtu mmoja inatosha kumtaja mama mzee kuwa mchawi, na baada ya hapo vijana wanashika mawe. Kuna mahali ambapo mjane anatoa fedha ya unga ili apewe unabii. Mambo haya yakifanyika kwa jina la vita vya kiroho, basi adui ameshaingia ndani ya kanisa na kuvaa sare za kanisa. Maombi yanayomtoa jirani damu si maombi. Katika eneo kama Uvira, ambako kipindupindu hakichoki kurudi, kuomba na kuchemsha maji ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, na mchungaji anayehubiri yote mawili anaokoa watu wengi kuliko anayehubiri moja.

Bonde hili lina mfano wake wa karibu. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kwa nini baba hatoi dawa. Baba akamweleza kwamba yeye ni mchungaji, si daktari. Mtoto akaamua kwamba yeye atatoa dawa. Baadaye alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde hili, hospitali iliyoshambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani kwa kazi yake Panzi, Bukavu. Maombi ya baba hayakupotea, yalipata mikono kwa mwana.

Nehemia naye, alipotishwa na maadui wakati wa kujenga ukuta, aliomba na kuweka walinzi mchana na usiku. Alifanya yote mawili katika mstari mmoja wa sura ya 4.

Na mfano ulio mkubwa kwa Katogota ni ule wa Luka 18. Yesu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake waombe daima bila kukata tamaa, hakuwapa mfano wa mtu aliyejifungia chumbani. Aliwapa mjane. Mjane huyu alikuwa anamwendea hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu, akidai haki yake, akirudi tena na tena mpaka hakimu akachoka. Ajabu ni kwamba Yesu alichagua kesi ya haki kuwa picha ya maombi. Kwa hiyo familia zinazodai tangu mwaka 2000 kwamba mauaji ya Katogota yafikishwe mbele ya mahakama hazijaacha maombi na kuingia katika siasa. Zinaomba kwa namna ile ile ambayo Yesu aliieleza. Kukusanya majina ya waliokufa, kutunza ushuhuda wa wazee kabla hawajaondoka, kwenda kwa shirika la raia na kwa mwanasheria, kurudi tena mwaka unaofuata: hiyo ni kazi ya mjane, na mjane huyo ndiye Yesu alimsifu.

Viongozi wa makanisa bondeni wana deni hapa. Wanaposimama kutangaza kesha, waseme pia kesha hilo ni dhidi ya nini. Waombee waliouawa wa pande zote, bila kuruka kabila lolote, na kwa sauti inayosikika mpaka kiti cha mwisho. Waseme wazi kwamba kusamehe hakufuti kesi, na kwamba kudai haki si kulipiza kisasi. Na pale watu wanaporudi kutoka Burundi na kukuta nyumba zao zina watu wengine, kanisa liwe mahali pa kwanza pa kuzungumza, kabla ya panga.

Je, haya yote yanajibu swali la mtu aliyesimama karibu na kaburi? Si lote. Kwa nini usiku ule, kwa nini watoto wale, hakuna mhubiri anayeweza kueleza, na anayejifanya anaeleza anadanganya. Ziko zaburi zinazoishia katika kulia tu, na Mungu aliziacha katika Biblia zikilia hivyo. Mtu wa Katogota anayemwambia Mungu kwamba amechoka naye yuko ndani ya maombi, hajatoka nje.

Lakini jambo moja linaonekana kwa macho. Baada ya miaka hii yote, bado kuna watu bondeni wanaokataa kumchukia jirani, wanaogawana sahani ya bugali na waliokimbia kutoka kijiji kingine, na wanaorudi kila mwezi wa tano kutaja majina. Kitu fulani kimewatunza hivyo. Wakiulizwa ni nini, wengi wao hawatoi mahubiri marefu. Wanasema tu kwamba wanaomba, asubuhi na jioni, na kesho wataomba tena.