Mwanamke Mpelelezi: Mchezo wa Televisheni na Kazi ya Kweli



Juma hili ukurasa wetu unaliacha jiko na cherehani, unakigeukia kile chombo kinachowakusanya watu sebuleni baada ya chakula cha jioni. Tangu televisheni ya taifa ilipoanza kurusha picha mwaka 1984, mengi yamebadilika mjini Bujumbura. Masanduku mazito yamekwisha, madishi yamejaa mapaani, na vijana wanatazama michezo katika simu walizoshika mkononi. Jambo moja halikubadilika. Mchezo wa upelelezi ukianza, iwe Buyenzi au Kinindo, baba huweka gazeti chini, mama huacha kuchambua mchele, na watoto hujifanya wamekwisha lala ili wasifukuzwe. Binadamu hapendi fumbo libaki bila kufumbuliwa.

Katika maandishi ya lugha yetu, mpelelezi alizaliwa mwanamume. Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba akamleta Willy Gamba mwenye bastola na safari nyingi. Katika hadithi nyingi za namna hiyo, mwanamke hupewa sehemu tatu tu: ama ndiye maiti, ama ndiye mjane anayelia, ama ndiye mrembo aliyetumwa kumpoteza mpelelezi njia. Kuuliza maswali na kuandika majibu ilikuwa kazi ya wanaume.

Televisheni imeigeuza desturi hiyo. Tuwatazame wapelelezi wanne wa kike, kisha tujiulize wanatufundisha nini sisi tunaoishi na askari, au tulio askari wenyewe.

WANAWAKE WANNE

Wa kwanza ni Jane Tennison wa Uingereza, katika mchezo uitwao Prime Suspect, ulioonyeshwa kwa vipindi kuanzia mwaka 1991 hadi 2006. Aliyemwigiza ni Helen Mirren. Mwandishi wake, Lynda La Plante, hakutunga gizani: alimwendea Jackie Malton, afisa wa polisi wa London, akamsikiliza habari za kazi yake. Katika kisa cha kwanza mkuu wa upelelezi anafariki ghafula kwa maradhi ya moyo, na Tennison anakabidhiwa jalada. Wanaume walio chini yake wananuna na kunong'onezana. Yeye anarudi mwanzo wa kazi, anapima upya kila kilichoandikwa, na anabaini kwamba maiti ilitambuliwa kwa jina lisilo lake. Kikosi kizima kilikuwa kikichunguza kifo cha mtu mwingine! Chuki za wenzake hazikumzuia kuliona kosa hilo, bali hao wenzake ndio waliozuiwa na haraka yao wenyewe.

Wa pili ni Julie Lescaut wa Ufaransa, ambaye jina lake si geni katika nchi zisemazo Kifaransa. Mchezo wake ulianza Januari 1992 ukakoma Januari 2014, baada ya visa 101, na Véronique Genest ndiye aliyemwigiza. Lescaut ni kamishna wa polisi aliyeachana na mumewe, naye analea mabinti wawili. Asubuhi huagana nao, mchana husimama mbele ya maiti, na usiku hurudi kukagua daftari za shule. Miongoni mwa askari wake alikuwamo N'Guma, aliyeigizwa na Mouss Diouf, mzaliwa wa Dakar, aliyefariki dunia Julai 2012.

Wa tatu ni Precious Ramotswe wa Botswana, aliyetoka katika vitabu vya Alexander McCall Smith. Mchezo wake ulionyeshwa mwaka 2008 na 2009, jumla ya visa saba tu, nao ulipigwa picha huko huko Botswana. Bibi huyu si polisi. Aliuza ng'ombe aliorithi kwa baba yake akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Silaha zake ni gari dogo jeupe, chai ya majani mekundu, na subira ya kumsikiliza mtu hadi amalize. Mwimbaji wa Marekani Jill Scott ndiye aliyemwigiza. Fundi magari ampendaye aliigizwa na Lucian Msamati, mtoto wa wazazi wa Kitanzania.

Wa nne ametoka kwa jirani zetu. Ni Makena wa Nairobi, katika mchezo wa Crime and Justice ulioanza Februari 2021 kwa visa vinane. Sarah Hassan ndiye Makena, na Alfred Munyua ni Silas, mpelelezi mwenzake. Mtazamaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa barabara zile, wala misongamano ile, wala namna mashahidi wanavyoyakwepa maswali. Ni Afrika Mashariki yetu, na Kiswahili kinasikika humo.

SIFA MOJA

Wanne hawa wametofautiana kwa nchi, umri na tabia, lakini wote hufanya jambo moja kabla ya jingine lolote: husikiliza. Sifa hiyo si ngeni katika nchi yetu. Bashingantahe wa kale, washika fimbo ya intahe, walisifiwa kwa uvumilivu wa kuyasikia maneno ya pande zote mbili kabla ya kufumbua kinywa. Tofauti ni kwamba barazani mle, kwa desturi ya zamani, mwanamke hakukaa kuamua. Aliyajua mambo ya mtaa kuliko wengi, lakini yalifika barazani kupitia kinywa cha mumewe.

Tusidanganyane kwamba mwanamke amezaliwa na jicho la ajabu. Wako wanawake wazembe kazini kama walivyo wanaume wazembe. Hoja ni nyingine. Kituo chenye wanaume watupu hupata nusu ya habari za mtaa. Nusu nyingine hubaki kisimani, sokoni na jikoni, kwa watu wanaoona haya kumweleza mwanamume mgeni yaliyowapata. Umoja wa Mataifa ulilitambua jambo hilo katika azimio nambari 1325 la Oktoba 2000, lililotaka wanawake washiriki katika kulinda amani. Januari 2007 kikosi cha polisi wanawake zaidi ya 100 kutoka India kilitua Monrovia, Liberia, kikiwa cha kwanza cha namna yake katika ulinzi wa amani wa umoja huo.

Hapa kwetu, Polisi ya Taifa iliundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, kufuatia Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Wanawake wamo ndani yake, ingawa bado ni wachache. Kila mmoja wao aketiye katika meza ya kupokea mashtaka ni mlango uliofunguliwa kwa mama fulani ambaye angeishia njiani.

MCHEZO SI TARATIBU

Pamoja na sifa hizo, mchezo una hila zake, na familia ya askari yapasa izijue.

Kwanza, katika mchezo jalada hufungwa kabla watoto hawajalala. Katika maisha ya kweli, shahidi mmoja yuko safarini, mwingine anaogopa, na majibu ya maabara hungojewa siku nyingi. Raia aliyezoea televisheni hudhani askari ni mvivu, na askari aliyezoea televisheni hushawishika kukimbilia mtuhumiwa wa kwanza.

Pili, mchezo hupenda mwisho wa mtuhumiwa kuvunjika moyo na kukiri. Kukiri peke yake ni ushahidi dhaifu, na kukiri kulikotolewa kwa kipigo si ushahidi hata kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1984 dhidi ya mateso, ambao Burundi iliukubali mwaka 1993, unakataza maneno yaliyopatikana kwa mateso yasitumiwe kama ushahidi dhidi ya aliyeteswa. Sababu yake si huruma peke yake. Mtu anayepigwa husema lolote litakalokomesha kipigo, na wakati asiye na hatia anafungwa, mwuaji analala kwake salama.

Tatu, katika mchezo kila mtu huingia mahali pa tukio, akashika hiki na kukigeuza kile. Askari wa kweli kazi yake ya kwanza ni kuwazuia watu, hata wakubwa zake, wasikanyage. Nyayo, alama za vidole na tone la damu havimngojei mtu.

SAA ZA KWANZA

Hapa ndipo ukurasa huu unapotaka kina mama wasome polepole, na kina baba pia.

Jinai inayoharibika ushahidi upesi kuliko nyingine zote ni ile ya kunajisiwa. Binti akirudi nyumbani na msiba huo, moyo wa mama humtuma amwogeshe, amvue nguo na kuzifua, amfiche chumbani, na asubuhi wazee wakutane na familia ya yule mtu wapatane. Yote hayo hufanywa kwa mapenzi, nayo yote humsaidia mkosaji.

Yapasa kufanya hivi. Binti asiogeshwe kabla ya kuonwa na mganga. Nguo zake zisifuliwe, bali zitiwe katika mfuko wa karatasi, maana ndani ya mfuko wa plastiki unyevu huziozesha na alama hupotea. Apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina muda wake: haifai tena baada ya siku tano. Hata kama ameoga tayari, na hata kama siku zimepita, asiache kwenda. Matibabu bado yapo, na neno lake bado ni ushahidi.

Mjini Bujumbura kituo cha Seruka kilianzishwa mwaka 2003 na Madaktari Wasio na Mipaka kwa ajili ya waliopatwa na msiba huo, kisha kikachukuliwa na Warundi wenyewe. Huko Gitega kituo cha Humura kilifunguliwa mwaka 2012. Na sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 ni sheria mahsusi ya kuzuia ukatili wa kijinsia, kuwalinda walioupata na kuwaadhibu wanaoutenda. Wala isidhaniwe kwamba kambi zetu zimo nje ya sheria hiyo. Nyumba ya askari ni nyumba kama nyingine, na mkosaji avaaye sare bado ni mkosaji.

Nawe askari uliye zamu, utakapomwona mama amesimama mlangoni akishindwa kuanza kusema, mkumbuke Bibi Ramotswe na chai yake. Mpe kiti. Mwite mwenzako wa kike ikiwa yupo. Usimwulize alivaa nini wala alikuwa akitafuta nini usiku ule, wala usimlazimishe kueleza mbele ya watu wanaongojea zamu zao. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Ukimfukuza kwa dharau, hatarudi tena, na jirani zake watatu waliokuwa wakingoja kuona atakavyopokewa hawatakuja kabisa.

NYUMBANI KWA ASKARI WA KIKE

Turudi kwa Julie Lescaut na mabinti zake. Watazamaji wengi huyakumbuka zaidi mapishi yake yaliyoungua kuliko wahalifu aliowakamata, na hilo lina maana. Askari wa kiume akirudi amechoka, nyumba nzima hunyamaza ili baba apumzike. Askari wa kike akirudi amechoka vile vile, sufuria humngoja. Mume mwenye busara haoni aibu kuinjika maji kabla mkewe hajafika, wala mama mkwe mwenye busara hamsemi mkaza mwana kwamba zamu za usiku si za mwanamke mwenye heshima. Walioolewa na askari waliotumwa Somalia kuanzia mwaka 2007 wanajua vizuri uzito wa kubaki peke yao na watoto. Basi nasi tujue kwamba safari inapomfikia mama, baba naye anaweza kuubeba.

Lipo pia jambo la siri. Yaliyoandikwa katika jalada yasisimuliwe mezani. Mtoto huyapeleka shuleni bila kujua, na shahidi aliyetoa neno kwa hofu hujikuta anaonyeshwa kidole sokoni.

Warundi tunajua nguvu ya mchezo wa kuigiza. Tangu mwaka 1997 nchi nzima ilitega masikio redioni kufuata Umubanyi niwe muryango, mchezo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kutolewa na Studio Ijambo, ambao uliwakumbusha watu waliofarakanishwa na vita kwamba jirani ni ndugu. Mchezo ule ulizoeza masikio kumsikia jirani. Waandishi wetu vijana hawana budi kutupa sasa mpelelezi wa kike wa kwetu, asemaye Kirundi na Kiswahili, apandaye mabasi ya Kamenge, na ashindaye kwa subira yake.

Lakini tusimngoje huyo wa mchezo ndipo tuanze. Binti wa nyumba yako anayekuuliza maswali mengi hadi unachoka, usimnyamazishe. Na akija siku moja na jambo zito, usilifukie. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Hadi juma lijalo, inshallah.