Mbabula ilale inje



Mwezi wa 6 umefika. Hapa Likasi tunaishi juu, karibu metre 1300, na kila mutu anajua vile baridi inatupiga usiku kuanzia sasa mupaka mwezi wa 8. Asubuhi watoto wanafika masomoni na mikono imefichwa ndani ya koti, na bic haishikiki vizuri mupaka jua lipande. Magharibi, katika parseli nyingi, mbabula inatoka barazani na kuingia ndani ya nyumba. Ni juu ya ile mbabula tunataka kuzungumuza juma hili, kwa sababu mwaka jana ilibakia kidogo sana tuzike watu.

Tuseme vile ilikuwa. Mama mumoja wa kikundi chetu iko na watoto watatu, wa mwisho alikuwa angali ananyonya. Siku moja asubuhi mutoto mukubwa aliamuka na kulia kichwa. Wa pili akatapika. Mama mwenyewe alisikia miguu haina nguvu, na kila kitu kinazunguka. Watu wote tulisema: ni malaria. Sisi pia tulisema hivyo, na tuliona kama tunasaidia wakati tulichanga franka kidogo za dawa. Muchana watoto walipata nguvu, wakacheza inje. Kesho yake asubuhi, kichwa tena, kutapika tena. Siku ya tatu, mama mumoja muzee wa parseli ya jirani aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyeliuliza: “Na baba yao, yeye haumwi?”

Baba yao ni sentineli. Usiku analala kazini. Hakuwa anaumwa hata kidogo.

Yule muzee akauliza tena: “Munalala na nini mule ndani?” Mama akanyamaza, kisha akasema: “Paka na mbabula. Mutoto anasikia baridi.” Kwenye kituo cha afya walipima damu, malaria hakukuwa. Hakuna kati yao aliyekuwa na homa. Usiku ule mbabula ilibakia inje, na asubuhi watu wote wanne waliamuka vizuri.

Tunaandika jambo hili kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Alisema hivi: “Muwaambie wengine, sikuwa najua.” Na sisi tuseme ukweli, tulikuwa na diploma na vitabu, lakini sisi pia hatukuwaza jambo hilo.

Sumu ambayo haina harufu

Wakati makala yanaungua bila kupata hewa ya kutosha, yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ndiyo sababu haituamushi. Inaingia katika damu kupitia mapafu, na inashikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka mwilini, lakini haibebi tena pumuzi. Kichwa na moyo vinaanza kukosa. Mutu mwenye kulala anaendelea tu kulala.

Kuko wazo moja ambalo tunalisikia kila mahali, na ndilo linaloua: “Tunangoja kwanza makala yawe mekundu, moshi uishe, kisha tunaingiza mbabula.” Wamama, moshi na gazi ile si kitu kimoja. Moshi unakwisha, gazi inaendelea kutoka. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanatudanganya zaidi, kwa sababu macho hayachomi na hakuna kitu cha kutuonya. Wengine wanaweka beseni ya maji karibu na mbabula. Maji hayakamati gazi hiyo. Wengine wanafungua dirisha kidogo sawa upana wa kidole. Haitoshi kwa watu wanaolala.

Mwenye mimba na mutoto mudogo wako katika hatari zaidi. Mama anaweza kusikia kichwa tu, na kumbe mutoto aliye tumboni anakosa pumuzi kumupita.

Namna ya kutambua

Mukumbuke lile swali la yule muzee. Ikiwa watu wa chumba kimoja wanaumwa pamoja kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uzaifu. Ikiwa hawana homa. Ikiwa wanapata nafuu wakitoka inje na wanaumwa tena wakiisha kulala ndani. Na ikiwa yule ambaye hakulala mule hana kitu, muwaze mbabula mbele ya kuwaza kitu kingine. Kama kuko homa, mupeleke mutoto apimwe malaria bila kungoja.

Ukimukuta mutu amelala na mbabula na haamuki, usikae mule kumuita. Fungua mulango, muvute inje kwenye hewa, toa na wengine wote, kisha piga kelele jirani wasaidie kumupeleka hospitali. Anahitaji oksijeni. Usimupe maziwa wala mafuta ya kunywa, hayatoi gazi katika damu, na mutu asiyeamuka anaweza kupaliwa.

“Na baridi? Na wezi?”

Wakati tulizungumuza jambo hili katika mukutano, mama mumoja alisimama na kusema: “Munasema tufungue dirisha, na wezi? Munasema mbabula ibakie inje, asubuhi nitaikuta wapi?” Ni swali la kweli, na hatuwezi kulijibu kwa kusema tu “muwe na akili.”

Hii ndiyo namna ambayo tulikubaliana. Wakati wa kumaliza kupika, toa makala yanayobakia kwa koleo, yaweke katika nyungu ya chuma ya zamani yenye kifuniko, ufunike vizuri, na uache nyungu ile inje juu ya udongo. Bila hewa, makala yanazima. Mbabula tupu inapoa haraka, na ikipoa kabisa unaweza kuiingiza. Kwa hiyo kanuni yetu ni fupi: mbabula ya moto ilale inje, mbabula ya baridi inaweza kuingia. Usiingize makala ambayo unaona tu kama yamezima. Majivu yanaweza kuficha moto usiku muzima. Na asubuhi utakuta faida: yale makala yaliyozima bado ni makala, utayawasha tena.

Kwa baridi, tumejaribu mambo haya. Karatoni nzito chini ya godoro, kwa sababu baridi nyingi inatoka kwa simenti. Tofali moja liliwekwa pembeni ya moto inje, likafungwa katika nguo nzito ya zamani, likawekwa katika kitanda mbele watoto walale, na likatolewa wakati wanaingia, ili wasiungue. Kofia na soksi. Kuosha watoto saa nane ya muchana wakati jua lingali na nguvu, si magharibi. Na mutoto mudogo, hakuna mbabula inayopita ngozi ya mama yake: mumuweke juu ya kifua, mufunike wote wawili.

Kama mvua au upepo vinakulazimisha kupika ndani, fungua mulango na dirisha vyote viwili ili hewa ipite, weka mbabula karibu na mulango, na uitoe mara tu chakula kimeiva. Kulala nayo, hata na dirisha wazi, hapana.

Kupika kwa makala kidogo

Makala ni mazito kwa mufuko wa mama. Mashini za Mwadingusha zinazungushwa na maji ya Lufira tangu 1930, si mbali na hapa kwetu, lakini jikoni umeme unakuja na kuondoka vile unapenda, na sisi tunarudi kwenye makala. Na makala yanatoka katika miti yetu. Katika tanuru la udongo, ili kupata kilo 1 ya makala, inaomba kuchoma kilo 5 mupaka 10 za miti. Wenye kinga ambao tunawaona asubuhi na mifuko juu ya vero wanatoka mbali zaidi kila mwaka. Kila kopo la makala ambalo tunaokoa ni franka na ni muti pia.

Kwanza, makala yawe makavu. Makala yaliyolowana yanatoa moshi mwingi na yanakula moto wake mwenyewe. Muyaweke juu ya mbao, si juu ya udongo.

Pili, kuwasha. Tuache masashe ya plastiki na mafuta ya petroli. Moshi wa plastiki ni sumu kwa watoto walio karibu, na petroli inaweza kurukia uso. Weka vijiti vikavu au maganda ya mahindi chini, makala madogo juu, makubwa mwisho. Fungua mulango mudogo wa chini wote, pepea, na ungoje bila kuweka nyungu mupaka moto ushike.

Tatu, usijaze mbabula mupaka juu kwa chakula kidogo. Nyungu ikae karibu na moto, si mbali. Wakati maji yanachemka, funika, na funga mulango wa chini nusu. Maji yanayochemka polepole yana joto sawasawa na yale yanayoruka. Makala ya ziada hayaivishi sombe haraka zaidi. Lakini mukumbuke: mbabula iliyofungwa nusu inatoa gazi nyingi zaidi, basi kazi hii ni ya inje.

Inne, maharagi. Yalowe usiku muzima, mwaga maji yale, weka mapya. Yachemke kwa nguvu hata dakika 10 za kwanza, bila kukosa, kwa sababu maharagi mabichi yana sumu yao. Yakiisha kuchemka nusu saa, toa nyungu na kifuniko chake, iweke katika kitunga kilichojazwa nguo nzito na magazeti, funika juu na mablangeti, uende kwenye kazi yako. Joto linabakia ndani na maharagi yanaendelea kuiva bila moto. Ukirudi, yachemshe tena kabla ya kula.

Tano, mbabula yenyewe. Huko Kenya, tangu miaka ya 1980, wafundi wanatengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Udongo unashika joto, bati la inje halichomi sana, na jiko linakula makala kidogo kuliko lile la bati tupu. Hapa kwetu udongo muzuri hatuutafuti mbali: vichuguu vyetu vikubwa, vile tunavyofyatulia matofali. Changanya udongo wa kichuguu na mchanga kidogo na majivu, paka ndani ya mbabula unene wa vidole viwili, usizibe matundu ya hewa, na uache ikauke polepole kwenye kivuli hata juma moja. Jua kali litaupasua. Na mbabula mupya iliyokatwa katika pipa yenye rangi, uiwashe kwanza mara moja inje, bila chakula, ili rangi iungue iishe.

Watoto na moto

Chora mustari kwa chaki au kwa jiwe kuzunguka mbabula, hatua mbili kila upande, na ufundishe watoto kama mule ndani hakuna muchezo. Watoto wanaheshimu mustari wanaouona kuliko neno wanalosikia. Mukono wa nyungu ugeuke upande wako. Mbabula isikae juu ya kiti.

Mutoto akiungua, mwaga maji safi ya kawaida juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mayai, mafuta wala majivu. Funika na kitambaa safi, na kama ni uso, mikono, sehemu za siri au mahali pakubwa, uende kwenye kituo cha afya.

Kazi ya nyumbani

Walimu hawaachi watu waende bila kazi. Hii ni yenu. Juma hili pika vile umezoea, na uhesabu makopo ya makala kila siku. Juma linalofuata, fanya mambo matano tuliyoandika, na uhesabu tena. Leteni hesabu zenu katika mukutano, tutaziandika kwa ubao mbele ya wote, hata zile ambazo hazikupunguka, ili tujue sababu.

Na kazi ya pili ni ya leo magharibi. Kila mumoja wetu apite kwa jirani mumoja, zaidi sana kwa mama aliyezaa karibuni au kwa muzee anayelala peke yake, amuulize kwa upole: “Mama, usiku munalala na nini?” Mwaka jana lile swali moja liliokoa watu wanne.

Mubakie na amani, tutaonana juma lijalo.