Mzaha Una Mahali Pake, Hata Mbele ya Kompyuta

Kuna swali linalozuka mara kwa mara kati yetu tunaolelewa kwa ajili ya upadre, na kati ya vijana wa parokia hapa Utemini: je, mtu makini anaruhusiwa kufanya mzaha? Wapo wanaodhani kicheko hakifai pale penye masomo na kazi. Wapo pia wanaotuma taarifa ya uongo ya msiba kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, kisha wanasema, "Tulikuwa tunatania tu." Sisi tunaona pande zote mbili zimekosea.

Tuwatazame wanaoishi na kompyuta. Katika maabara ya akili mnemba ya MIT, Marekani, miaka ya 1960 na 1970, watafiti vijana walifanya kazi kubwa huku wakichezeana. Mchezo mmojawapo ulikuwa kutafuta namna ya kuuzimisha ITS, mfumo waliotumia kwa pamoja. Badala ya kuongeza makufuli, waliweka amri iliyomruhusu yeyote kuuzimisha, lakini wote walitangaziwa ni nani anayefanya hivyo. Utamu wa uchokozi ukaisha. Hapakuwa na pa kujificha.

Tofauti yake ilionekana tarehe 2 Novemba 1988. Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu iliyojizalisha yenyewe. Alidai hakukusudia madhara, lakini maelfu ya kompyuta zilikwama, na mahakama ikamtia hatiani. Walioumia hawakumjua, wala hawakuwa wamekubali kuchezewa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatupa kipimo. Katika Summa Theologiae anakumbusha kisa cha Mtakatifu Yohane, aliyelaumiwa kwa kucheza na wanafunzi wake. Yohane alimwuliza mwenye upinde kama anaweza kuuvuta bila kupumzika. Akajibiwa kwamba ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili. Kwa hiyo mchezo ni sehemu ya fadhila, ila Tomaso anaweka masharti: usiwe na aibu wala madhara, usitupotezee utulivu wa moyo, na ulingane na mtu, wakati na mahali.

Wazee wetu walilijua hili kupitia utani wa makabila, kama ule wa Wangoni na Wahehe. Mtani huchekesha hata msibani, lakini huja mwenyewe, hujulikana, na hushiriki kazi za mazishi. Anayezusha kifo akiwa amejificha nyuma ya simu hana haki ya kujiita mtani. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kumfikisha mahakamani.

Basi walezi wasituzuie kucheka. Nasi, kabla ya kutuma mzaha, tujiulize: je, anayetaniwa anatufahamu? Ataweza kucheka nasi na kutujibu? Na akiumia, tutakuwa tayari kwenda kwake kumwomba radhi?