Kabla ya nikeli, tupimwe mapafu

Nikirudi Ngara likizo, stori ni moja tu: nikeli. Tangu Serikali isaini mkataba wa Kabanga Januari 2021 na kuchukua hisa asilimia 16 kwenye Tembo Nickel, kila kijana anaulizia ajira. Hata mimi naulizia, sikatai. Bumu lina mwisho wake. Ila sijasikia mtu akiulizia mapafu.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka misombo ya nikeli kwenye kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, tangu 1990. Kule Clydach, Wales, walioingia kiwanda cha kusafisha nikeli kabla ya 1930 walikufa kwa saratani ya mapafu na ya pua kupita kiasi. Hilo lilijulikanaje? Watafiti walipekua karatasi za malipo ya mishahara, wakapata majina, wakawafuatilia mmoja mmoja.

Sisi tutapekua nini?

Saratani hii huweza kukaa kimya miaka 20 na zaidi. Majirani zetu Biharamulo wameshafika huko. Tulawaka ilianza kutoa dhahabu 2005, na 2013 ikapita mikononi mwa STAMIGOLD. Dhahabu si nikeli, sawa, lakini vumbi la silika litokalo kwenye mwamba nalo liko kundi la kwanza, tangu 1997. Aliyeanza kazi ya mgodi akiwa na miaka 22 leo amevuka 40. Akikohoa ataulizwa TB, ataulizwa sigara. Alikuwa kibarua wa mkandarasi gani, nani atamuuliza? Na wachimbaji wadogo wanaosaga mawe kwenye makarasha, kitambaa puani, hata hiyo karatasi ya malipo hawana.

Mtaniambia hatari kubwa iko kwenye kusafisha, na kiwanda kimepangwa kujengwa Kahama. Kweli. Lakini vumbi la kuchoronga na kusaga mwamba litabaki Ngara, na watakaokwenda Kahama ni ndugu zetu vilevile.

Ninachotaka si kuzuia mgodi. Picha ya kifua na kipimo cha pumzi kabla ya siku ya kwanza kazini, kibarua naye apimwe. Kumbukumbu zitunzwe miaka 40, nakala ikae OSHA, maana kampuni huuzwa na makabati huondoka nazo. Bila karatasi hizo, mtu atakwenda kudai fidia WCF mwaka 2050 akiwa na kikohozi tu mkononi.

Wenzangu wa udaktari na takwimu mnaohangaika na mada ya utafiti, basi la Ngara lipo kila siku.