Akili anayo, lugha ndiyo inamkwamisha

Mzazi mwenzangu, mtoto aliyefaulu vizuri darasa la saba anaweza kushika mkia akifika kidato cha kwanza kwenye shule ya kata. Usikimbilie kusema ni mvivu. Katika shule nyingi za serikali Tanzania, miaka 7 amesoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Sasa baiolojia na hesabu zote ni kwa Kiingereza.

Leo jioni fungua daftari lake, mwambie akueleze somo kwa Kiswahili. Akieleza vizuri, kinachomkwamisha ni lugha: aandike maneno mapya 5 kila siku na maana zake. Asipoweza, muone mwalimu wa somo mapema. Usingoje upimaji wa kidato cha pili.