Hoteli ya Jirani na Kiwanja cha Ndege, na Fungu la Dada



Wasomaji wetu watukufu, mgeni anayeshuka leo kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Ukunda hufika katika hoteli yake ya Diani kwa muda mfupi tu. Zamani haikuwa hivyo. Wageni wengi wa hoteli za mwanzo, kama Two Fishes, Jadini na Trade Winds, walifika kwa gari baada ya kuvuka Likoni kwa feri. Hata uwanja wa Mombasa ulipopanuliwa na ndege kubwa kutoka Ulaya zikawa zatua huko, maji ya Kilindini yalibaki katikati ya mgeni na kitanda chake. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yakatuonyesha udhaifu wa njia hiyo: wageni walipungua, na waliokosa kazi walikuwa watoto wetu. Hapo ndipo ilipo thamani ya kiwanja cha Ukunda. Atokaye Nairobi hutua huku huku kwetu, wala hangoji feri.

Ukiingia katika nyingi ya hoteli hizi utaikuta nyumba ya babu yako: paa la makuti, boriti, kuta za matumbawe, baraza na mlango wa nakshi. Ajabu ni kwamba sisi tumehamia kwenye mabati, nao wameyashika makuti. Na paa la makuti halidumu. Baada ya miaka michache huezekwa upya. Wanaokunja makuti hayo juu ya kijiti na kuyashona, wengi wao ni mama zetu wa vijijini.

Mmoja wao namfahamu. Babake alifariki akaacha shamba la minazi upande wa baharini. Kaka zake wawili waliliuza, na leo pamejengwa nyumba za wageni. Yeye aliletewa doti ya leso na mfuko wa unga, akaambiwa, "Dada, wewe umeolewa, una kwako." Akanyamaza. Juzi alinijia akaniuliza, "Maalim, nikidai sasa, sitakuwa nimekata udugu?"

Nilimjibu, "Mama, anayedai haki yake hakati udugu. Aliyeukata ni yule aliyeizuia."

Ndugu zangu, jambo hili halina utata. Suratun-Nisaa, aya ya 7, imethibitisha fungu la mwanamke katika walichoacha wazazi, kiwe kichache au kingi. Aya ya 11 ikaweka kipimo: wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, baada ya wasia na deni. Marehemu akiwa hakuacha mrithi mwingine ila wana wawili wa kiume na binti mmoja, mali hugawanywa mafungu 5. Shamba likiuzwa kwa shilingi milioni 5, milioni 1 ni ya binti. Si zawadi wala sadaka ya kaka zake. Ndoa haimwondolei, na kunyamaza kwake kwa haya si idhini.

Ardhi iliyo karibu na kiwanja cha ndege na bahari hupanda thamani, na wanunuzi hawaishi kubisha hodi. Basi kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, warithi wote waketi pamoja, wanawake wakiwemo. Iangaliwe hati miliki ina jina la nani. Mafungu yaandikwe mbele ya mashahidi. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa Kadhi; mahakama yake imethibitishwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, na mirathi ni katika kazi zake.

Sisemi hoteli ni mbaya. Vijana wetu wanapata riziki humo, na kumkirimu mgeni ni katika imani yetu. Lakini hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim yatufunza kuwa ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Haki ya dada haina siku ya kwisha. Kaka ambaye bado anaishika, na airejeshe angali hai, kabla hajaulizwa mahali pasipokuwa na wakili.

Mwenyezi Mungu atupe uadilifu majumbani mwetu. Wabillahi tawfiq.